Si Mkorogo, ni Imatinibu

Juzi shemeji wa mgonjwa wangu alinifuata hadi koridoni, akashusha sauti: "Daktari, mwambie aache mkorogo, ndio uliomharibu damu." Mgonjwa mwenyewe, ambaye ngozi yake imefifia rangi, ni fundi gereji, grisi hadi viwikoni. Nimejaribu kumpigia picha kichwani mwangu, yuko mbele ya kioo akijipaka krimu za Kariakoo, nimeshindwa.

Jamani. Ana CML, aina ya saratani ya damu, anameza imatinibu, dawa ya kuitibu, mwaka wa pili huu. Dawa ile inazima BCR-ABL, protini inayoendesha saratani hiyo, ila inambana na protini mwingine, KIT, ambaye melanosaiti, seli za rangi ya ngozi, humtegemea kutoa melanini, yaani rangi yenyewe. KIT akibanwa, rangi inafifia. Ngozi ya Mzungu ingeficha. Kwa ngozi yetu mtaa mzima unaona. Ongeza macho yaliyovimba asubuhi, nayo ni kazi ya dawa hiyohiyo, basi majirani wameshapata ushahidi.

Mkorogo huwa na alama zake: vifundo vya vidole vinabaki vyeusi, ngozi inakuwa nyembamba hadi mishipa inaonekana, michirizi inajaa mapajani. Imatinibu hufifisha mwili mzima, au mabakamabaka, haibagui vifundo. Ndivyo tunavyofundisha. Kliniki, wapo wanaomeza imatinibu na mkorogo wanapaka vilevile. Hapo macho yangu hayatoshi. Natoa ndugu nje, namuuliza mwenyewe. Tena wapo wachache wanaozidi kuwa weusi kwa dawa ileile, na hadithi yangu nzuri ya KIT inaishia hapo. Kucha nyeusi ni za haidroksiurea, dawa aliyoanza nayo, tusiziingize kwenye kesi hii.

Rangi hainitishi. Ananitisha anayeruka vidonge kimyakimya ili watu wanyamaze. Weusi wake unarudi kweli, shemeji anafurahi, halafu FBP, kipimo cha damu nzima, inasoma chembe nyeupe laki mbili: saratani imepamba moto tena.

Na kwa kuwa nimeshakasirika: vidoti vyekundu visivyopotea ukivibonyeza si aleji wala damu chafu. Mara nyingi ni plateleti, chembe za kugandisha damu, zimeshuka. Kwenye ngozi nyeusi sana usihangaike na mikono, mwambie afungue mdomo utazame kaakaa. Inaweza kuwa dengi, inaweza kuwa leukemia; FBP leo, si setirizini, dawa ya aleji, ya wiki mbili.

Fundi nimemwandikia barua ya kumwonyesha shemeji yake. Kasema ataibandika gereji, pembeni ya bei za kubadilisha oili.