Dirisha la mbali halifunguki: kurekebisha X11 juu ya SSH

Uko Lamu na laptopu, ramani za mikoko ya Pate ziko kwenye kompyuta iliyo Mombasa. Unaingia kwa SSH, njia salama ya kutumia kompyuta ya mbali, ukiandika `ssh -X` ili madirisha ya kule yaonekane kwako, unaita programu, na badala ya dirisha unajibiwa `Can't open display`.

Kinachowapoteza wengi ni majina. Katika X11, mfumo unaochora madirisha kwenye Linux, seva ni ile yenye skrini, kibodi na kipanya, yaani laptopu iliyo mbele yako. Programu inayoendeshwa Mombasa ndiyo mteja. Kwa hiyo kupakia mazingira mazima ya dawati kwenye kompyuta ya Mombasa ni kumaliza bando bure. Kule inatakiwa programu yenyewe na `xauth`, kijiprogramu kinachotunza ufunguo wa siri wa kufungulia skrini yako, basi. Seva ya X inatakiwa kwako: Linux kwa kawaida inayo tayari, Mac inahitaji XQuartz, Windows inahitaji kitu kama VcXsrv.

Ukishaingia kule, andika `echo $DISPLAY` kuona thamani inayoiambia programu itumie skrini ipi. Jibu zuri ni `localhost:10.0`. Maana yake sshd, programu ya kule inayopokea miunganisho ya SSH, inasikiliza kwenye poti 6010, yaani 6000 jumlisha 10, na kila kinachofika hapo inakipitisha ndani ya njia iliyosimbwa mpaka kwako.

Ukiona `:0`, fungua `.bashrc` ya kule, yaani faili la mipangilio ya terminali yako. Karibu kila mara utakuta mtu ameandika `export DISPLAY=:0`. Ufute mstari huo. Thamani hii huwekwa na sshd peke yake. Ukiiandika kwa mkono unaielekeza programu kwenye skrini ya Mombasa, ambayo huenda hata haipo.

`echo` isipoonyesha kitu, toka uingie tena kwa `ssh -v -X`. Ukisoma `X11 forwarding request failed on channel 0`, kasoro iko upande wa pili. Hakikisha `/etc/ssh/sshd_config` ina `X11Forwarding yes`, kisha washa upya huduma ya sshd. Angalia kama `xauth` ipo: kompyuta zilizowekwa bila dawati mara nyingi hazina. Kwenye Debian na Ubuntu pakiti inaitwa `xauth`, kwenye jamii ya Red Hat `xorg-x11-xauth`. Vyote vikiwa sawa na bado inagoma, huenda IPv6, toleo jipya la anwani za mtandao, imezimwa kwenye kompyuta hiyo; ongeza `AddressFamily inet` katika faili lile lile. Na usisahau `df -h`, amri inayoonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski. Diski ikijaa, `xauth` haiwezi kuandika ufunguo wa siri katika `.Xauthority`, na bila ufunguo huo hakuna dirisha.

Ufunguo huo ndio unaokosekana pia unapotumia `sudo` kuendesha programu kama root, yaani msimamizi wa mfumo, kwa sababu root anasoma faili lake, si lako. Jaribu `sudo XAUTHORITY=$HOME/.Xauthority` ikifuatwa na jina la programu.

Programu inayofunguka asubuhi na kukataa baada ya dakika 20 ina sababu nyingine: huo ndio muda wa kawaida wa `-X` isiyoaminiwa. `-Y` haina kikomo hicho, lakini inaipa kompyuta ya mbali uwezo wa kusoma hata unachokiandika kwenye madirisha mengine. Itumie kwa kompyuta ya mbali unayoiamini kabisa.

Kwa sisi wa visiwani, mtandao wa simu ukiyumba, kuna mtego wa tmux, programu inayoweka terminali yako hai kule hata laini ikikatika. Unarudi na kupewa `localhost:11.0`, ilhali kidirisha cha zamani cha tmux bado kinashika `10.0`. Fungua kidirisha kipya ndani ya tmux. Kitachukua thamani mpya.

Dirisha likifunguka lakini likaburura, usikimbilie kulaumu kasi. X11 huuliza na kusubiri, huuliza na kusubiri. Tuseme kwenda na kurudi ni milisekunde 80, na programu inasubiri majibu 300 kabla ya kuonekana: ni sekunde 24. `ssh -C` hubana data tu, haifupishi safari. Kwa kazi ya kila siku ningeweka xpra, programu inayoshikilia madirisha kule na kukuonyesha kwako, pande zote mbili, kisha (weka jina lako na anwani ya kompyuta ya mbali mahali pa `jina@seva`; `qgis` ni programu ya ramani):

`xpra start ssh://jina@seva/ --start=qgis`

Laini ikikatika, programu inaendelea kule Mombasa. Laini ikirudi, andika `xpra attach ssh://jina@seva/` na ramani itatokea ikiwa na mabadiliko ambayo hukuwahi kuyahifadhi.