Bakapu ya barua pepe za kampuni: nakala ya wakati mmoja, nje ya mamlaka ya seva

Kazi yangu ni kutunza seva za barua pepe, na kila ninapokabidhiwa seva mpya naambiwa kwamba bakapu, yaani nakala ya akiba, ipo kwa sababu diski ziko kwenye RAID, mpangilio wa kuunganisha diski kadhaa. RAID inaokoa diski moja ikifa, basi. Mfanyakazi akifuta folda ya mikataba, inafutika kwenye diski zote papo hapo. Seva pacha nayo itaufuata ufutaji huo huo, na hata simu ya mfanyakazi iliyounganishwa kwa IMAP, njia ya kusoma barua zikiwa kwenye seva, itautii.

Bakapu ya barua pepe ni ngumu kwa sababu kisanduku hakitulii. Unaponakili, barua zinaingia, zinasomwa, zinahamishwa. Ndiyo maana kabla ya kuchagua programu yoyote nauliza kwanza: seva hii inahifadhi barua kwa muundo gani?

Mbox, muundo wa zamani, huweka folda nzima ndani ya faili moja. Ukiinakili huku seva ikiandika, unaweza kuambulia barua iliyokatika katikati. Maildir, uliobuniwa na Daniel J. Bernstein kwa ajili ya programu ya seva ya barua iitwayo qmail, huipa kila barua faili yake, na hapo wengi huona rsync, programu ya kunakili faili, inatosha. Haitoshi. Mtu anapofungua barua mpya, faili yake inatoka folda ya new kwenda cur, na jina lake linabadilika. Kama rsync imeshaorodhesha cur lakini bado haijafika new, barua hiyo haitaonekana pande zote mbili. Faili ikitoweka baada ya kuorodheshwa, rsync humaliza kwa msimbo 24, na skripti nyingi nilizozikuta zimeagizwa kuupuuza. Usiku wa kesho barua itanakiliwa, ndiyo, lakini nakala ya leo ina pengo, na huenda ukalazimika kurejesha hiyo ya leo.

Ninapendelea snapshoti ya LVM au ZFS, mifumo ya kusimamia diski: unaigandisha diski kwa wakati mmoja, unanakili kutoka kwenye hali hiyo iliyoganda, kisha unaiondoa. Snapshoti yenyewe usiihesabu kuwa bakapu, maana inakaa kwenye diski zile zile. Kwa Dovecot, programu ya seva inayowapa watumiaji barua zao, ipo pia amri ya doveadm backup, inayoelewa folda, alama na namba za barua. Ila tahadhari: inaifanya nakala ifanane na chanzo kabisa, hata kwa kufuta. Bila kuhifadhi matoleo ya siku zilizopita, umetengeneza kioo tu.

Faili ndogo pia zina uzito wake. Dovecot kwenye Maildir hutunza faili ya dovecot-uidlist. Ikipotea, namba za barua hupangwa upya na programu za watumiaji zitapakua visanduku vizima kana kwamba ni vipya. Kwenye dbox, muundo wa Dovecot yenyewe, hali ni nzito zaidi: alama za barua zilizosomwa au kujibiwa zinakaa ndani ya faili za indeksi, kwa hiyo usizitupe ukidhani zitajijenga zenyewe. Microsoft Exchange ni hifadhidata yenye logi za miamala, yaani faili zinazorekodi kila badiliko, kila moja ya megabaiti 1 katika matoleo ya tangu 2007. Bakapu kamili ikifaulu, logi za zamani husafishwa. Ukinakili faili kwa mkono logi hubaki, na taratibu hujaza diski. Tumia programu inayozungumza na Exchange kupitia VSS, huduma ya Windows ya kutengeneza snapshoti.

Nakili pia orodha ya watumiaji, majina mbadala, vichujio, funguo za DKIM (saini inayothibitisha barua imetoka kwenye kikoa chako) na mipangilio yote.

Kuhusu mahali pa kuhifadhi sikubali mjadala: seva ya barua isiwe na uwezo wa kufuta nakala zake. Mvamizi akiingia na kukuta nywila ya hifadhi ndani ya skripti, atafuta bakapu kwanza, kisha ndipo asimbe visanduku, yaani avifunge kwa ufunguo wa siri. Acha mashine ya bakapu iende kuchukua data yenyewe, au tumia hifadhi inayoruhusu kuongeza bila kufuta. Programu za bakapu kama Borg na restic husimba nakala, jambo la lazima kwa kuwa humo mna siri za kila mfanyakazi. Ufunguo wake uwe na nakala nje ya seva, la sivyo seva ikiungua umebaki na data usiyoweza kuifungua.

Urejeshaji ufanyie mazoezi kwenye mashine ya pembeni iliyokatwa mtandao. Mtu mmoja akipoteza barua, zirejeshe kwenye folda mpya ndani ya kisanduku chake, usifunike kilichopo, kwani tangu bakapu ameshapokea nyingine. Seva nzima ikianguka, funga mlango wa 25, unaopokea barua kutoka seva nyingine, kabla ya kitu chochote. Wengi huogopa kwamba barua zitapotea, kumbe seva za watumaji hujaribu tena. RFC 5321, waraka wa kanuni za kutuma barua pepe, inapendekeza wasikate tamaa kabla ya siku 4 hadi 5. Kinachopoteza barua ni kuwasha seva yenye orodha tupu ya watumiaji: itajibu 550, yaani mpokeaji hayupo, na mtumaji atarudishiwa barua yake saa hiyo hiyo. Rejesha watumiaji, kisha visanduku, hakikisha umiliki wa faili uko sawa, jaribu kuingia kwa akaunti mbili tatu, halafu ndipo ufungue mlango huo.