Je, wajua kwa nini Darna lazima ameze jiwe?

Kama hujawahi kumsikia Darna, huyu ndo shujaa wa kike maarufu kuliko wote kwenye komiki za Ufilipino. Alitoka kwenye Pilipino Komiks mwaka 1950, hadithi katunga Mars Ravelo, picha kachora Nestor Redondo. Kabla ya hapo, 1947, Ravelo alishatoa shujaa anayefanana naye kwenye jarida la Bulaklak, akimwita Varga, ila alipoondoka pale jina likabaki kwa wenye jarida, ikabidi aanze upya na Darna.

Sasa cheki, Narda ni binti wa kijijini tu, hana hela hana nguvu, anapata jiwe jeupe lililodondoka kutoka angani, analimeza, anapiga kelele "Darna!" na hapohapo anageuka kuwa Darna, anaruka hewani kwenda kupambana na adui yake Valentina mwenye nyoka kichwani. Superman yeye kazaliwa na nguvu zake. Kwa nini Ravelo hakumfanya Narda hivyohivyo?

Jibu liko kwenye anting-anting, yani hirizi za Kifilipino. Kuna medali za shaba, kuna fulana zilizoandikwa dua za Kilatini, na wapiganaji waliowaasi Wahispania 1896 walizivaa wakiamini risasi haziingii, na mpaka leo ukienda nje ya kanisa la Quiapo pale Manila unazikuta zinauzwa. Ila mimi inayonimaliza ni ile ya mgomba: unakesha usiku wa manane chini ya mgomba, unasubiri kito kidondoke kutoka kwenye ua lake, unakidaka kwa mdomo, halafu yanakuja majitu ya gizani kukunyang'anya na lazima upigane nayo, ukishinda basi nguvu ni zako. Msomaji wa 1950 aliyekua na hadithi hizo akiona Narda anameza jiwe alielewa palepale, hakuna cha kumfafanulia. Hata Captain Barbell, shujaa mwingine wa Ravelo wa 1963, nguvu anazipata kwa kunyanyua chuma cha mazoezi.

Na nguvu ikikaa kwenye kitu, kitu kinaweza kuibwa, hapo ndo utamu unapoanza! Kwenye filamu jiwe mara nyingi linakaa kwa Ding, mdogo wake Narda, mambo yakichacha dada anaita "Ding, ang bato!", yani Ding, lete jiwe, na huyo mtoto akichelewa au akikamatwa njiani, adui anabaki na Narda wa kawaida kabisa.