Kupiga Windows upya hakumfukuzi jasusi kila mara

Hapa Dodoma, mwambie fundi kwamba matangazo yanajifungua yenyewe kwenye kompyuta yako, utajibiwa kabla hujamaliza sentensi: "Hiyo tupige Windows tu," yaani aifute na kuiweka upya. Miaka nenda rudi tumeamini kwamba Windows ikipigwa upya, programu ya kijasusi, ile inayojificha na kukuchunguza, imekwisha. Mara nyingi husaidia. Si kila mara.

Jirani yangu wa Area C alirudishiwa kompyuta ikiwa safi, akafungua Chrome na kuingia kwenye akaunti yake ya Google. Chai haijapoa, ukurasa wa kutafutia ukawa umebadilika tena! Jasusi hakuwa kwenye diski. Alikuwa kiendelezi cha kivinjari, yaani kijiprogramu kinachoongezwa ndani ya Chrome, na akaunti ikishaoanishwa (sync), Chrome hurudisha viendelezi vyako, vizuri kwa vibaya. Tulifungua orodha ya viendelezi, tukakiondoa kimoja ambacho hakumbuki kukiweka. Dakika moja, bure. (Pesa ya fundi alikuwa ameshailipa.)

Mlango mwingine ni flashi ya fundi mwenyewe, yenye programu zilizokrakiwa, yaani zilizovunjwa kinga ya leseni. Unasafishiwa na kuambukizwa siku hiyo hiyo.

Kwa jasusi aliyejichimbia zaidi, Windows 10 na 11 zina programu ya kinga, Microsoft Defender, ndani yake. Chagua ule ukaguzi unaoizima na kuiwasha kompyuta (Microsoft Defender Offline scan): hupekua kabla Windows haijaamka, jasusi akiwa bado hajapata pa kujificha. Huchukua kama dakika 15. Nywila badilisha kwa kutumia simu, si kompyuta ile ile unayoishuku.