Anga likiwa safi New Mexico mwezi wa Aprili, usijipe moyo

Mimi ni mtabiri wa hali ya hewa, na kila ikifika Machi naletewa swali lile lile na madereva wetu wa masafa marefu, ndugu wa Kenya, Tanzania na Kongo wanaopiga barabara kuu ya I-40 huku Marekani, kutoka Amarillo, Texas, kwenda Flagstaff, Arizona: "Mtaalamu, mbona mmetoa onyo la upepo na huku jua linawaka, hata wingu la dawa hakuna?" Wiki hii kaniuliza tena kijana mmoja anayevuta trela tupu. Nimechoka kujibu kwa ujumbe wa sauti. Nayaandika hapa ili nikiulizwa tena niwaelekeze huku.

Jua kuwaka ndiyo sababu yenyewe ya onyo.

Albuquerque iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Santa Fe inapita mita 2,100. Kuanzia Machi hadi Mei mkondo wa jeti, ule mto wa upepo wa juu sana angani, bado haujahamia kaskazini, kwa hiyo upepo wa kasi unapita juu ya vichwa vyetu, na jua nalo limeshapata makali. Usiku ardhi kavu hupoa upesi, na hewa baridi, nzito, hulala kwenye bonde la mto Rio Grande kama kifuniko cha sufuria. Saa mbili asubuhi bendera zote zimelala kwenye milingoti. Dereva anatoka, anatazama juu, anasema leo shwari.

Upepo upo, ila bado uko juu. Jua likishapasha ardhi, hewa ya chini inapanda na ya juu inashuka pamoja na kasi yake. Mara nyingi kifuniko hupasuka kati ya saa tano na saa saba mchana, na ndani ya nusu saa barabara ni nyingine kabisa. Kilele huwa alasiri. Jua likizama, kwa kawaida upepo hutulia. Kwa hiyo utulivu wa asubuhi haukuambii lolote kuhusu saa tisa, na wingu zito lingekusaidia kwa sababu lingezuia joto la ardhi. Nawaomba sana mlishike hilo.

Hapo pia ndipo kazi yetu inapokuwa ngumu. Likipita tabaka jembamba la sirasi, lile wingu la nyuzi nyuzi, joto la ardhi hupungua, na upepo tuliouhofia unaweza kubaki juu siku nzima. Modeli zetu za kompyuta hukadiria vibaya mawingu hayo. Kuna asubuhi naidhinisha onyo nikiwa na shaka ya kweli, na bado nitaliidhinisha.

Onyo la upepo mkali tunalitoa tukitarajia vishindo vya maili 58 kwa saa, yaani kama kilomita 93. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayosukuma ubavu wa trela huongezeka mara nne. Kweli, hewa ya huku juu ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo msukumo unapungua kidogo, lakini trela tupu haitaiona nafuu hiyo. Kama huna mzigo, subiri jioni. Dispacha, yule anayekupangia safari, akilalamika, mtumie onyo lenyewe alisome.

Kuhusu joto sitasema mengi, maana Juni ndiyo mwezi wake. Aprili usiku bado kunaweza kuganda, na milimani theluji huanguka hata Mei. Beba koti.

Moto nao haungoji joto. Unachohitaji ni nyasi kavu, unyevu wa hewa chini ya asilimia 15, na upepo. Mwaka 2022, marundo ya matawi yaliyochomwa kwa makusudi mwezi Januari yalibaki yakifukuta chini ya theluji, na Aprili upepo ukayaamsha. Moto huo uliungana na mwingine uliokuwa umewaponyoka waliokuwa wakiuchoma kwa mpango, ukawa Hermits Peak/Calf Canyon: zaidi ya hekta 138,000, mkubwa kuliko wote uliorekodiwa jimboni. Mnyororo wa trela unaoburuta lami hutoa cheche. Ufunge kabla hujaondoka.

Sasa vumbi, hasa kwenye barabara kuu ya I-10 pale Lordsburg Playa, ziwa lililokauka. Ukiona ukuta wa vumbi mbele, usiuingie. Likikukuta, toka nje ya lami kabisa, funga breki ya kuegeshea, zima taa zote, na uondoe mguu kwenye breki. Naambiwa nakosea, kwamba taa za hatari lazima ziwake. Hapana! Aliye nyuma yako haoni mstari wa barabara, anafuata taa nyekundu tu akidhani gari linakwenda, na atakugonga ukiwa umesimama. Taa zizimwe, zote, na ile ya breki pia.

Na kuna upepo usiofuata lolote kati ya niliyosema kuhusu saa: ule wa mashariki unaobanwa kwenye korongo la Tijeras. Hewa baridi hurundikana mashariki ya milima ya Sandia na Manzano, kisha hupenya hapo, mara nyingi usiku, na kutokea Albuquerque kwa kishindo palepale I-40 inapotoka korongoni. Huwa tunapima tofauti ya kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, kati ya pande mbili za mlima, na hata ikiwa kubwa siwezi kukuapia saa utakapoanza. Ukiwa umeegesha Moriarty, upande wa mashariki wa milima hiyo, na onyo la Tijeras limetoka, lala hukohuko.