Kwa nini dodoso letu linauliza viatu

Swali la viatu huwa linachekesha watu. Tumeshapita chakula, shule na homa, kisha namwuliza mwenye nyumba: "Na huyu mtoto ana viatu?" Wiki iliyopita, katika kijiji kimoja mbele ya Buigiri, bibi anayelea wajukuu wanne alinitazama kama niliyepotea njia. "Mwanangu, yaani umetoka Dodoma mjini na gari uje kuhesabu ndala?"

Ndiyo, bibi. Nikamweleza, tena kwa kirefu kuliko alivyotaka.

Wilaya hii ya Chamwino inajulikana sana na watafiti wa umaskini wa watoto duniani, ingawa wenyeji hawana habari. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, ilipojaribu kugawa fedha taslimu kwa kaya maskini, Januari 2010, ilianzia hapa, na pia wilaya za Bagamoyo na Kibaha. Vijiji 80 vilipigiwa kura ya bahati nasibu: 40 vikaanza kupokea, 40 vikasubiri. Hadi leo naulizwa kama huo haukuwa uonevu. Kwa mtazamo wangu hapana, maana fedha zisingetosha wote kwa mpigo, na kura haina mjomba. Tena inasaidia kupima: mvua ikikata, imekata kwa waliopata na wasiopata, kwa hiyo tofauti inayobaki kati yao unaweza kuihesabu kuwa ni ya ruzuku.

Fedha zilikuja na masharti. Watoto chini ya miaka 5 wapelekwe kliniki. Wa miaka 7 hadi 15 wahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za shule. Wadadisi walirudi 2011, kisha 2012. Mwanzoni safari za zahanati ziliongezeka, baadaye zikapungua. Ukiishia hapo utasema watu wamechoka masharti. Ukweli ni kwamba watoto wadogo walikuwa wanaugua kidogo kuliko wenzao wa vijiji vilivyosubiri. Kaya nyingi zaidi pia zilijiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani bima ya afya ya kuchangia.

Halafu, viatu. Kaya zilizopata ruzuku ziliwanunulia watoto viatu zaidi ya zile nyingine, na ndiyo sehemu ninayoipenda, kwa sababu hakuna sharti lililotaja viatu. Hakuna afisa aliyeagiza. Ardhi yetu huku ni mchanga wa moto na mbigili, na minyoo ya safura hupenya kwenye nyayo za anayekanyaga udongo uliochafuliwa na kinyesi. Mlezi hakuhitaji semina.

Ndiyo maana nachoka nikisikia kwenye mkutano wa kijiji (na msemaji kwa kawaida ana mshahara) kwamba hela zitaishia kilabuni. David Evans, mmoja wa waliofanya tathmini ya Chamwino, na Anna Popova walikusanya tafiti za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kuhusu jambo hilohilo. Kwa jumla, matumizi ya pombe na tumbaku hayakupanda kwa sababu ya ruzuku.

Lakini njia hii ina tundu, na ni kubwa. Sisi tunahesabu kaya. Mtoto anayelala nje ya maduka karibu na soko la Majengo hana kaya, kwa hiyo hayumo kwenye sampuli. Ndivyo ilivyo kwa aliye kwenye kituo cha kulelea yatima, na ndivyo ilivyo kwenye tafiti nyingi za kaya duniani. Yule tuliyepaswa kuanza naye ndiye asiyeonekana kwenye majedwali.

Bibi alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na jozi tatu: yeboyebo mbili na ndala moja iliyoshonwa kwa waya.

"Na wa nne?"

"Hawa wawili wa mwisho wanapokezana. Anayetumwa kisimani ndiye anayevaa."

Kwenye dodoso, mbele ya jina la kila mtoto, kuna visanduku viwili tu: Ndiyo na Hapana. Nilikaa na kalamu mkononi, na wale wawili wananitazama.