Maana ya utando wa zeolaiti unaowekwa kwa leza

Aliyezoea kupika kwa nazi anakijua kifumbu. Nazi inakunwa kwenye mbuzi, inatiwa maji, inakamuliwa. Tui linapita, machicha yanabaki. Zeolaiti ni kifumbu cha aina hiyo, ila vitundu vyake ni vidogo mno, hata kinachochujwa ni molekuli mojamoja.

Nikisema darasani kwamba zeolaiti ni "jiwe lenye vitundu", wanafunzi wangu hapa Chake Chake wanafikiria jiwe la matumbawe, na hawakosei sana. Siku moja tulitumbukiza kipande kikavu ndani ya ndoo ya maji, viputo vikapanda kwa muda mrefu, vingine vikubwa, vingine kama vichwa vya sindano. Viputo vile ndivyo vinavyoonesha tofauti ilipo. Matundu ya matumbawe hayana mpango: moja linaingiza kidole, la pili yake halionekani kwa macho. Zeolaiti ni fuwele. Atomi zake za silikoni, alumini na oksijeni zimejipanga kwa mpango mmoja unaojirudia, kwa hiyo kila kitundu kina upana sawa na chenzake. Katika zeolaiti iitwayo A, yenye sodiamu, upana huo ni kama nanomita 0.4, na nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Molekuli ya maji inapenya hapo. Ya ethanoli, yaani spiriti, inapita kwa shida sana. Thamani yote ya zeolaiti imo katika usawa huo.

Jina lake lilitolewa mwaka 1756 na Axel Fredrik Cronstedt wa Sweden. Alilipasha moto jiwe moja, likatoa mvuke kama sufuria iliyo jikoni, akaliita kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya jiwe linalochemka. Maji yalikuwa yamejificha ndani ya vitundu.

Sasa tuje kwenye utando. Zeolaiti ya kawaida ni unga au punje, na unga hautoshi pale unapotaka mlango wa kutenganisha vitu viwili, au kipimo kidogo cha kuhisi unyevu. Hapo unahitaji tabaka jembamba lililoshikamana na bamba, mfano wa utando unaoganda juu ya maziwa yanapopoa, lakini mwembamba zaidi. Mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, kwani tusiupake ule unga kwa gundi?" Ni swali zuri. Gundi itashika, lakini itaziba vitundu vile vile tunavyovitaka.

Njia mojawapo ya kukwepa gundi ni leza. Unga wa zeolaiti unashindiliwa kuwa kidonge kigumu, kinawekwa ndani ya chumba cha chuma kilichonyonywa hewa, na mbele yake, sentimita chache tu, linawekwa bamba la kupokea. Leza inayotumika sana kwa kazi hii hutoa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 248, usioonekana kwa macho. Haiwaki mfululizo. Inapiga mapigo, na kila pigo linadumu sekunde moja iliyogawanywa kwa mamilioni mengi. Pigo likitua juu ya kidonge, ngozi nyembamba ya pale juu inang'oka na kuruka mbele kama ulimi wa moto unaong'ara, kisha inatua juu ya bamba. Kidonge huzungushwa muda wote ili leza isichimbe shimo mahali pamoja.

Kwa nini mapigo mafupi hivyo? Hapa Pemba mfano tunao. Kwenye kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, pale Wawi, mvuke wa moto unayaondoa mafuta ndani ya makonyo, na makonyo yenyewe yanabaki. Joto la polepole linatenganisha: chepesi kinatangulia, kizito kinabaki nyuma. Kwa kukamua mafuta hilo ndilo tunalolitaka, lakini kwa kuhamisha kitu chenye elementi kadhaa ni hasara tupu. Pigo la leza ni la ghafla kiasi kwamba elementi zote zinang'oka pamoja, karibu kwa uwiano ule ule uliokuwamo kwenye kidonge. Ndiyo maana njia hii ilipata sifa mwaka 1987, watafiti wa Marekani walipoitumia kutengeneza tando za kauri inayopitisha umeme bila ukinzani, kauri ambayo uwiano ukipotea kidogo haifai tena.

Lakini uwiano si mpangilio, na hapa ndipo watu wengi wanapoielewa vibaya dhana hii. Leza inaweza kuzifikisha silikoni, alumini na oksijeni kwa hesabu kamili, huku nyumba yao ikiwa imebomoka njiani. Utando unaotua juu ya bamba mara nyingi ni kifusi chenye vipande vichache vya fuwele vilivyosalimika. Ukiupima kwa eksirei, alama za fuwele ni hafifu au hazipo.

Dawa yake ni maji ya moto. Bamba linatiwa ndani ya chungu cha chuma kinachofungwa kabisa, pamoja na rojo lenye malighafi ya zeolaiti, likapikwa kwa saa kadhaa au siku kwenye joto la zaidi ya nyuzi 100. Vile vipande vilivyosalimika vinakuwa mbegu. Fuwele mpya zinaota juu yake, zinakutana, na utando unaungana. Kenneth Balkus na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas kule Dallas walifanya hivyo miaka ya 1990 kwa zeolaiti yao ya UTD-1, na fuwele zikaota zimeelekea upande mmoja. Kwa hiyo kwa zeolaiti leza ni mpanzi. Vitundu vinajengwa na maji.

Ziko pia fuwele za vitundu zinazounganishwa kwa metali na viungo vya kaboni, zile zilizowapatia Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2025. Hizo ni dhaifu zaidi mbele ya leza, kwa sababu viungo vya kaboni hukatika upesi, na hulazimu kuzichanganya na kitu kingine kinachobeba makali ya mwanga.

Utando ukishakamilika, unaweza kukaa juu ya kipande cha kwatzi kinachotetemeka kwa umeme. Unyevu wa hewani unaingia ndani ya vitundu, utando unakuwa mzito kidogo, kasi ya mtetemo wa kwatzi inapungua, na chombo kinasoma upungufu huo. Mkulima wetu anayeanika karafuu juu ya jamvi huijua iliyokauka kwa kuivunja kwa vidole. Utando huu unafanya kazi inayokaribiana na hiyo kwa kupima uzito wa maji ambayo hakuna mizani ya dukani inayoweza kuyahisi.